Kijana, Hapo Hakuna Farasi

Leo nitakuwa mrefu kuliko kawaida yangu. Kama uko ndani ya matatu na bando lako ni kidogo, hifadhi ujumbe huu usome jioni ukiwa umetulia. Kuna jambo nimelibeba miaka zaidi ya 20, na wiki hii nimelitua.

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa kwetu alinifuata hadi ofisini. Simtaji, na tafadhali usianze kukisia ni nani. Alifunga mlango, akatoa daftari kwenye mkoba, akaniambia, "Pasta, najua umehubiri sana juu ya kubeti. Lakini mimi sibeti kama wale wengine. Mimi natumia hesabu."

Nikafungua lile daftari. Mpendwa, mikono yangu ilipoa. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Majina ya farasi upande wa kushoto, kisha muda wa mbio, kisha pointi, kisha wastani wa mbio tatu za mwisho. Alama ya nyota kwa farasi anayependa kuongoza mapema, duara kwa anayetoka nyuma. Alijifunza kwa video za Wamarekani, usiku, baada ya kazi. Mwandiko ulikuwa wake lakini ile kazi niliijua. Nilishawahi kuwa na daftari kama hilo.

Nikamwuliza, "Hawa farasi wanakimbilia wapi?"

Akanionyesha simu. Ni zile mbio za kuchorwa, zinazoanza kila baada ya dakika chache mchana na usiku, farasi wa katuni wenye majina mazuri.

Nikamwambia, "Kijana wangu, hapo hakuna farasi."

Nikamweleza pole pole. Kompyuta inachagua mshindi kwa bahati nasibu, halafu picha inachorwa ifuate matokeo. Hakuna udongo uliolowa jana, hakuna upepo, hakuna goti linalouma. Yule farasi aliyekimbia vizuri saa nne hana kumbukumbu ya kukimbia saa nne na dakika tano. Ule muda alioandika miezi mitano haukuwa umepima kitu chochote. Alikaa kimya muda mrefu, akifungua kurasa kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha humo. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike leo: "Na farasi wa kweli je, Pasta? Hiyo hesabu inafanya kazi?"

Ningeweza kusema ni dhambi, nikamwombea, nikafunga ofisi. Lakini hakuniuliza kama ni dhambi, aliuliza kama inafanya kazi. Nilimwahidi jibu la kweli, na kwa kuwa najua hayuko peke yake humu ndani, nakupa na wewe.

Inafanya kazi, mpendwa, na ndiyo maana ilikaribia kunimaliza.

Mwaka 2000 nilienda Marekani kusoma, mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Baba aliuza ng'ombe wawili na majirani wakachanga nauli. Mchana nilisoma, usiku nilipakia mizigo kwenye ghala. Sikujua kwamba mji huo ndio wenye uwanja wa Churchill Downs, ambako mbio za Kentucky Derby hukimbiwa kila mwaka tangu 1875, siku hizi kwa kawaida Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Mimi farasi niliwajua wa polisi tu, na wale wa Ngong ambao sisi watu wa Kitale tulisoma habari zao gazetini.

Pale ghalani kulikuwa na mzee mmoja, Mmarekani mweusi, mkimya, aliyekula chakula chake peke yake akisoma gazeti linaloitwa Daily Racing Form. Mimi nilimwita Mzee tu, akalipenda hilo jina. Usiku mmoja nikamwuliza zile namba ndogo ndogo ni za nini. Laiti ningenyamaza.

Alinianzishia hivi. Farasi wawili wameshinda mbio za furlongi sita, yaani kama mita 1,200. Mmoja Jumamosi kwa dakika 1 na sekunde 10, mwingine Jumapili kwa dakika 1 na sekunde 11. Nani ana kasi zaidi? Nikasema wa Jumamosi. Akacheka. Jumamosi udongo ulikuwa mgumu, farasi wote walipaa. Jumapili umechimbuliwa na kulowa, wote walichoka. Muda mtupu hausemi ukweli mpaka ujue uwanja ulikuwaje siku hiyo.

Kwa hivyo unafanya hivi. Unajua farasi wa daraja fulani kwa kawaida humaliza umbali fulani kwa muda gani. Unachukua mbio zote za siku ile na kulinganisha na kawaida yake. Ukiona karibu zote zimewahi kwa sehemu tatu za tano za sekunde, basi uwanja ndio uliowabeba, na unamnyang'anya kila farasi sehemu hizo tatu. Kinachobaki ndicho chake mwenyewe. Hapo unakigeuza kuwa namba moja, ili farasi wa furlongi sita aweze kulinganishwa na wa maili moja, na wa Kentucky na wa New York. Aliyeshindwa unampunguzia kulingana na nafasi aliyoachwa: mwili mmoja wa farasi kwenye furlongi sita ni kama pointi mbili na nusu, na kwenye maili moja haufiki pointi mbili, kwa sababu mbio ndefu hutawanya farasi zaidi.

Mtu aliyezipeleka namba hizi kwa watu wengi ni Andrew Beyer, aliyekuwa mwandishi wa gazeti la Washington Post, katika kitabu chake cha mwaka 1975, Picking Winners. Tangu 1992 namba zake zinachapishwa ndani ya Daily Racing Form, karibu na kila mbio aliyokimbia farasi. Wengine huitengeneza kwa njia yao, na wanahesabu hata uzito aliobeba farasi na hatua alizopoteza kwa kuzunguka kona upande wa nje.

Nilipenda sana. Wacha niseme ukweli, niliipenda hiyo kazi kuliko masomo yaliyonipeleka. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa hesabu. Kukaa saa tisa usiku, kahawa imepoa, ukipima siku nzima ya mbio hadi zile namba zikubaliane, kuna utamu wa kweli ndani yake. Ukinipata kijana mwenye akili ya namna hiyo sitamdharau. Namba hazikuwa za uongo. Uongo niliuleta mimi, baadaye.

Kisha Mzee akanifundisha la pili, mwendo. Namba ya kasi inakuambia farasi alimaliza vipi. Haikuambii alitumiaje nguvu zake njiani. Farasi ni kama mtu aliyepewa mtungi mmoja wa maji avuke nao jangwa. Akinywa wote mapema, atafika akitambaa. Kuna farasi asiyeweza kukimbia bila kuongoza. Kuna anayekaa mgongoni mwa kiongozi. Kuna anayesubiri nyuma kabisa hadi wengine wachoke. Kabla ya mbio unajiuliza: leo wako viongozi wangapi? Wakiwa watatu watapigana wenyewe kwa wenyewe na kuchomana, na yule wa nyuma atawapita wote wakiwa wamesimama. Akiwa mmoja tu, ataongoza bila kusumbuliwa, atapumua njiani, na hakuna atakayemfikia hata kama wapo wenye kasi kuliko yeye. Profesa mmoja wa hesabu, William Quirin, alikuwa ameshapiga hesabu hiyo kwa kompyuta miaka ya 70, akampa kila farasi pointi kutoka 0 hadi 8 kwa jinsi anavyowahi mwanzoni.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Derby ya 2001 ilikuwa ya kwanza kwangu. Farasi aitwaye Songandaprayer aliondoka kama anayekimbizwa na nyuki, akapita nusu maili kwa sekunde 44.86. Mbio zenyewe ni maili moja na robo. Mzee aliangalia ubao, akasema kwa sauti ya chini, "Wamekwisha wote wa mbele." Na kweli walikwisha. Monarchos, aliyekuwa nyuma sana, akawapita kama wamefungwa miguu, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 59.97. Kabla yake ni Secretariat pekee, mwaka 1973, aliyekuwa ameshinda Derby chini ya dakika mbili. Watu 150,000 wanapiga kelele na mimi nimesimama nimeduwaa, kwa sababu mzee mmoja mpakiaji mizigo aliona mwisho wakati wengine bado wanaangalia mwanzo.

Unaona hatari yake? Ilinifanya nijione nabii.

Mwaka uliofuata alikuja farasi mweusi anayeitwa War Emblem. Mwezi wa nne alikuwa ameshinda Illinois Derby akiongoza mwanzo hadi mwisho, na Beyer akampa 112, namba ambayo hakuna mpinzani wake aliyekuwa nayo kuelekea Derby. Lakini wataalamu walimpuuza. Walisema ameipata kwa sababu hakuna aliyemsumbua, na Derby kutakuwa na vita mbele. Bei yake ikafika 20 kwa 1. Mimi na Mzee tulikaa usiku mbili tukihesabu viongozi. Tulihesabu, tukarudia, na kila mara tulipata jibu moja: hakuna vita. Huyu ataachwa peke yake tena.

Tarehe 4 mwezi wa 5, 2002, niliweka dola 100 kwenye dirisha. Ilikuwa pesa yangu ya chakula. War Emblem akaongoza, nusu maili kwa sekunde 47 na kitu kidogo, zaidi ya sekunde mbili polepole kuliko mwaka uliopita. Hakuna aliyemgusa. Nilijua tumeshinda wakati bado wamebakiza zaidi ya nusu ya mbio, na nilianza kulia hapo hapo. Alishinda kwa nafasi ya miili minne. Kila dola 2 ililipa dola 43. Nikapokea dola 2,150. Dola ilikuwa karibu shilingi 78 wakati huo, fanya hesabu mwenyewe.

Dada yangu mdogo alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi mwaka huo, na nyumbani hawakuwa na ada. Nilituma dola 1,000 Jumatatu asubuhi. Mama akasimama kanisani Jumapili iliyofuata, akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemfungulia mwanawe mlango Amerika. Kanisa zima likapiga vigelegele. Waliniandikia barua kunieleza, na mimi niliisoma nikanyamaza. Mpendwa, wengi mnatubu kwa mliyosema. Mimi dhambi yangu kubwa ya mwaka huo ilianza kwa kunyamaza.

Dola 1,150 zilizobaki zilikuwa za awamu ya pili ya ada, mwezi wa saba. Zaidi ya hizo, Wakenya wa ushirika wetu wa nyumba kwa nyumba pale Louisville, waliposikia habari za dada, walifanya harambee ndogo. Madereva, wanafunzi, mama mmoja aliyekuwa akitunza wazee. Wakachanga dola 650 na kunikabidhi mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina.

War Emblem alishinda Preakness pia, wiki mbili baada ya Derby. Ikabaki Belmont, New York, tarehe 8 mwezi wa 6, na akishinda hiyo angekuwa farasi wa kwanza tangu Affirmed mwaka 1978 kutwaa zote tatu. Nilipiga hesabu zangu. Namba zake zilikuwa juu. Wa kumsumbua mbele sikumwona.

Nikaenda kwa Mzee. Aliishi chumba kimoja juu ya duka la viatu, kitanda, meza, na rafu ya madaftari. Nilifikiri atafurahi. Akaniuliza bei ni ngapi. Nikamwambia itakuwa karibu 6 kwa 5, yaani ukiweka 5 unapata 6 juu yake. Akatikisa kichwa.

"Kwa 20 kwa 1," akasema, "hata ningekosea mara kumi na tano bado ningekuwa na faida. Kwa bei hii lazima nisikosee karibu nusu ya mara zote. Na hajawahi kukimbia maili moja na nusu maishani mwake."

Akanieleza tena jambo ambalo nilikuwa nimelisikia bila kulisikia. Pale hubeti dhidi ya uwanja, unabeti dhidi ya watu wengine. Pesa zote zinaingia kapu moja. Uwanja unachota wake kwanza, pale Kentucky ilikuwa kama dola 16 kwa kila 100 kwa dau la mshindi, na zaidi ya hapo kwa madau ya mchanganyiko. Zinazobaki 84 ndizo zinagawiwa washindi. Kwa hivyo hata ukiwa na akili sawa na umati, unapoteza. Unatakiwa uwashinde umati kwa karibu asilimia 19 ndipo urudishe pesa yako tu. Na umati si mjinga, farasi wanayempenda zaidi hushinda karibu mara moja katika kila tatu. Beyer alipokuwa na namba zake peke yake, zilikuwa dhahabu. Zilipochapishwa gazetini kila mtu aliziona, na bei ikashuka kwa kila farasi mwenye namba nzuri. Siku hizi ni vigumu zaidi, kuna vikundi vyenye kompyuta zinazoweka dau sekunde za mwisho, na hurudishiwa sehemu ya pesa wanazocheza. Bill Benter, Mmarekani aliyeenda Hong Kong miaka ya 80, alitajirika kwa njia hiyo, kwa programu na watu wa kumsaidia na mtaji wa kuvumilia hasara. Kijana mwenye daftari na simu anaketi meza moja na watu hao bila kujua.

Halafu Mzee akashusha daftari moja kutoka rafuni. Halikuwa la farasi. Lilikuwa la pesa, kila dau, kila siku, miaka 11. Alikuwa mtu mwaminifu kwa namba. Miaka mitatu alipata faida ndogo. Minane alipoteza. Huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko mtu yeyote niliyemjua, mpendwa, na mke wake alikuwa ameondoka mwaka wa nne wa daftari lile. Hakuniambia niache. Alilirudisha tu rafuni, akasema yeye Belmont ataangalia bila kuweka hata dola moja.

Nilitoka pale nikasema moyoni, mzee ameogopa. Imani yake ni ndogo. Ndiyo, nilitumia neno hilo, imani.

Churchill Downs walionyesha Belmont kwenye televisheni na madirisha yalikuwa wazi. Niliweka dola 1,800. Zile 1,150 na zile 650. Mwanamke wa dirishani alizihesabu mara mbili.

Geti likafunguka, na War Emblem akajikwaa. Hatua ya kwanza kabisa. Karibu apige magoti. Hakuna namba ya kasi inayoandika hilo, hakuna pointi za Quirin. Farasi ambaye uhai wake wote ni kuwahi mbele alijikuta nyuma katikati ya wengine, akila mchanga wa usoni. Alipambana, akafika mbele kwa muda kidogo, halafu akaisha. Akamaliza wa nane. Aliyeshinda aliitwa Sarava, bei 70 kwa 1.

Siwezi kukueleza ukimya wa kichwa changu. Nilitembea kwa miguu hadi ninapoishi, karibu saa mbili, na njia nzima nilikuwa nikitunga. Nilipofika nilikuwa na hadithi mbili tayari. Nyumbani niliwaambia nimevamiwa na wezi. Ushirika niliwaambia pesa nimetuma.

Mama alitangaza maombi. Kanisa la kijijini lilifunga siku tatu kwa ajili ya mtoto wao aliyeibiwa ugenini. Wamama waliokuwa na njaa ya kawaida wakaongeza ya kufunga, kwa ajili ya uongo wangu. Dada yangu alirudishwa nyumbani mwezi wa saba. Akauza mitumba sokoni Kitale hadi 2005 ndipo akapata nafasi nyingine.

Ushirika wa Louisville niliwakiri mwaka 2004, nikiwa nimewekeza pole pole zile 650 kutoka mshahara wa ghalani, nikazirudisha mezani usiku wa maombi. Yule mama wa kutunza wazee alilia kuliko mimi. Wokovu wangu nauhesabu kuanzia usiku huo, mnaujua ushuhuda wangu, ingawa sehemu hii nilikuwa naipitia haraka haraka nikisema "pesa za watu". Lakini nyumbani sikusema. Mama alilala 2011 akiwa bado anawalaani wale wezi wa Amerika.

Na usidhani iliisha. Mwaka 2022, mimi tayari ni mchungaji wenu, niliona Derby kwenye simu. Robo maili ya kwanza ikasoma sekunde 21.78, na kabla sijajijua nikasema kwa sauti, "Wamekwisha wote wa mbele." Mke wangu akageuka jikoni. Farasi wa 80 kwa 1, Rich Strike, aliyeingia siku moja tu kabla baada ya mwingine kuondolewa, akatokea nyuma na kushinda. Sikuwa nimeweka hata shilingi. Lakini usiku ule sikulala, na sikuwa nikiomba.

Haya ndiyo niliyomwambia yule kijana, karibu yote. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza je, kama ningeweka kidogo kidogo? Nikamwambia Mzee aliweka kidogo kidogo miaka 11. Akauliza, kwa hivyo namba zilikuwa sahihi? Nikamwambia namba zilikuwa sahihi na dada yangu aliuza mitumba, yote mawili. Aliniachia daftari, si kwa sababu nilimwomba. Tumekubaliana aje Alhamisi tuangalie deni lake lote la simu, namba kwa namba, kwa mwandiko wake ule ule mzuri. Kama na wewe unalo la namna hiyo, Alhamisi ofisi iko wazi hadi saa moja jioni, na mlango una pazia.

Lakini kumweleza yeye kabla ya dada kuliniuma. Jumanne niliendesha gari hadi Kitale. Dada sasa ni muuguzi wa miaka mingi, amekaribia kustaafu mapema kwa sababu ya mgongo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, anachagua maharagwe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikiketi sitamaliza. Nikamwomba pia ruhusa ya kuandika hapa. Akasema andika.

Hakusema kitu kingine kwa muda. Vidole vyake viliendelea kwenye ungo. Kisha akauliza, "Huyo farasi alijikwaa tu?"

"Getini. Hatua ya kwanza."

"Akaumia?"

"Hapana. Aliendelea. Alimaliza wa nane."

Akafikiri kidogo. Akavuta kigoda cha pili kwa mguu, akasogeza ungo katikati yetu.

"Keti uchague upande huo, kaka," akasema. "Macho yangu siku hizi hayaoni mawe madogo."